Usitume Sauti, Tuma Maneno

Mazungumzo mbele ya wanamuziki na wanafunzi wa kompyuta, Mji Mkongwe, Unguja. Yameandikwa karibu na yalivyosemwa.

Assalaam aleikum.

Wazee wangu mliokuja na fidla na udi zenu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu wa kompyuta mliokimbilia viti vya ukutani karibu na soketi: nashukuru kwa kufika. Nimeombwa nieleze namna kompyuta kadhaa zinavyoweza kupiga muziki pamoja, na aliyeniomba alidhani nitazungumza habari za intaneti. Intaneti nitaigusa mwishoni, na kwa ufupi. Laptopu nne zilizo juu ya meza hii zinazungumza zenyewe kwa zenyewe tangu asubuhi, na hakuna hata moja yenye bando. Hiki kidude cheusi katikati ni rauta ya kawaida. Waya wa kwenda nje haina. Inazigawia laptopu anwani na kupitisha maneno baina yao, basi.

Nimesema maneno, sikusema sauti. Kijana anayeanza mambo haya, kitu cha kwanza anachokitaka ni kuichukua sauti inayotoka kwenye laptopu moja na kuipeleka kwenye nyingine. Namwelewa, maana muziki ni sauti. Lakini hebu tupige hesabu. Sauti ya kiwango cha CD ni namba 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto, na nyingine kama hizo upande wa kulia, na kila namba inachukua baiti 2. Zidisheni mtapata baiti 176,400 kila sekunde, na hizo zisikatike wala zisichelewe, kwani zikichelewa kidogo tu unasikia mkwaruzo au sauti inakatika. Sasa tazameni mstari huu nilioandika ubaoni:

besi 48 90 400;

Ni herufi 15, pamoja na nafasi na ile nukta mkato. Unasema: wewe unayepiga besi, piga noti ya 48, kwa nguvu ya 90, kwa muda wa milisekunde 400. Hata ukiongeza maelezo ya njia ambayo IP na TCP, taratibu za usafirishaji za mtandao, huyatanguliza mbele ya kila ujumbe, jumla haifiki baiti 100. Mpiga besi hodari akipiga noti tano kwa sekunde, ametumia baiti 500. Linganisheni na zile 176,400.

Na sauti yenyewe ya besi iko wapi? Imo ndani ya laptopu ya tatu. Tulilirekodi sanduku, besi ya kamba ya kidumbaki, ngoma yetu ya hapa, tukakata kila mvuto wa kamba peke yake, tukazihifadhi. Haina haja ya kusafiri kitu ambacho kimeshafika.

Mawazo haya hayakuzaliwa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko California, vijana wachache akiwemo John Bischoff, Jim Horton na Rich Gold waliunda kikundi walichokiita League of Automatic Music Composers. Kila mmoja alikuwa na kompyuta ndogo ya KIM-1, ubao mtupu usio na kioo, wenye kumbukumbu ya kilobaiti moja na ushei tu. Simu ya bei ya chini kabisa pale Darajani inaishinda mara maelfu kwa maelfu. Waliziunganisha kwa nyaya, na kilichopita kwenye nyaya zile kilikuwa namba. Kompyuta ya huyu ikitoa namba, ya yule inaichukua na kubadilisha inachokipiga. Kutoka hapo likazaliwa kundi jingine, The Hub, na mwaka 1987 kundi hilo lilipiga New York likiwa limegawanyika sehemu mbili za mji, likiunganishwa kwa modemu za simu. Kwa modemu za wakati ule sauti safi isingepita. Namba zilipita.

Basi, niwaeleze chombo tunachotumia. Kinaitwa Pure Data, wengi wanakiita Pd. Kimeandikwa na Miller Puckette, na kimeanza kusambaa mwaka 1996. Kabla yake, katikati ya miaka ya 1980, bwana huyohuyo akiwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki mjini Paris, aliandika programu iliyokuja kuitwa Max, kwa heshima ya Max Mathews, ambaye mwaka 1957 aliifanya kompyuta ya IBM itoe muziki. Max leo inauzwa. Pure Data ni ya bure, na laptopu ya zamani inaiweza, ndiyo maana nimeichagua kwa ajili yenu.

Wazee wangu, katika Pure Data huandiki mistari ya amri kama wanavyofanya hawa vijana usiku. Unachora. Unaweka kiboksi, ndani yake unaandika jina la kazi, na kila kiboksi kina matundu: ya juu ni ya kuingilia, ya chini ni ya kutokea. Unavuta uzi kutoka tundu la chini la kimoja hadi tundu la juu la kingine. Nyuzi ziko za aina mbili. Nene hupitisha sauti, mfululizo, bila kupumzika. Nyembamba hupitisha ujumbe, na ujumbe huja siku ukija, kisha kimya. Leo nyuzi nene tumeziacha ndani ya kila laptopu. Kinachovuka meza ni kile cha uzi mwembamba.

Viboksi viwili vinatosha kuvusha. Upande wa mtumaji kuna netsend, upande wa mpokeaji netreceive. Mpokeaji anatangaza namba ya lango, tuseme 3000, na kungoja. Mtumaji anaambiwa aungane na anwani fulani, lango 3000. Mambo yakienda sawa, tundu la kulia la netreceive linatoa namba ya waliounganishwa: 1, 2, 3. Mara nyingi kijana akifika hapo anapiga kofi, anadhani kazi imekwisha. Kazi inaanzia hapo, kwa sababu sasa inabidi mkubaliane mtasemezana vipi.

Ujumbe wa Pure Data una kichwa na unachokibeba. Mtu akipeleka mzigo Pemba kwa boti, hauachi gatini Malindi bila maandishi; anaandika juu yake kwa kalamu nene jina la mtu na Mkoani. Mpakuzi hafungui kuangalia kama ndani mna viatu au vitabu. Anasoma jina, anautupa upande wake. Katika mstari wetu neno besi ndilo jina lililoandikwa juu, na 48 90 400 ndiyo yaliyomo. Mpakuzi ni kiboksi kiitwacho route. Ukiandika ndani yake route besi dumbaki mkwasa (dumbaki ni zile ngoma ndogo, mkwasa ni vijiti vya kugonga), kitakuwa na matundu manne chini: moja la kila neno, na la mwisho kulia kwa kila kisichojulikana. Ujumbe wa besi unapopita, route inalivua lile neno na kutoa namba zilizobaki.

Lile tundu la mwisho la kulia aghalabu huachwa bila uzi. Nawasihi liunganisheni na kiboksi cha print, ili kila ujumbe usiotambulika uandikwe kwenye dirisha la Pd. Mtu akiandika bessi kwa s mbili, hamtokaa nusu saa mkilaumu rauta.

Sasa nifike penye mwiba, na wanaotumia Pd hapa watatikisa vichwa. Orodha nayo ina kichwa, ila hukioni. Ukituma 48 90 400, ujumbe unaoanza kwa namba, Pd yenyewe inaupachika kichwa cha neno list bila kukuambia. Ni rahisi kwa namna hiyo, huhitaji kuandika neno kila mara. Tatizo linakuja unapotaka kuweka kichwa chako. Tuna namba tatu zilizokusanywa na kiboksi cha pack. Tunataka kuzipeleka kwa netsend, na netsend inataka kuambiwa send, kisha kinachotumwa. Basi kijana anaweka list prepend send besi, kiboksi kinachoongeza maneno mwanzoni mwa orodha. Anaangalia kwa print, anaona list send besi 48 90 400, lile list la mwanzo halitilii maanani, anafurahi. Lakini upande wa pili neno besi halifiki kama alivyotarajia. Kwa nini? Kwa sababu kilichotoka bado ni orodha. Kichwa chake halisi ni list, na send limekuwa kitu cha kwanza miongoni mwa yaliyomo. Dawa ni kiboksi kingine kidogo, list trim, kinachokivua kile kichwa kilichofichika ili neno la kwanza lipande mahali pake. Pack, list prepend send besi, list trim, netsend. Mpangilio huo uandikeni kwenye daftari. Ukipungua list trim, mtateseka.

Mwanangu mmoja hapa aliniuliza kabla hatujaanza: Maalim, inawezekana kuweka orodha ndani ya orodha, kama tunavyofanya kwenye Python, ile lugha ya kuandikia programu? Haiwezekani. Orodha ya Pd ni ya tabaka moja, namba na maneno yamepangwa foleni, basi. Mwanzoni nilichukia jambo hili, sasa nalipenda, kwa sababu linakulazimisha kukubaliana na mwenzako mapema. Ukitaka kutuma noti mbili kwa mara moja, unaandika besi 48 90 400 50 70 200, na mpokeaji anajua kwamba kila namba tatu ni noti moja. Anazikata kwa list split 3, anazipiga, anarudia mpaka ziishe. Makubaliano hayo hayamo ndani ya programu. Yamo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na kikundi kisicho na karatasi hiyo sikipi muda mrefu.

Jambo jingine la pack ni mfuatano. Katika Pd mambo huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Tundu la kushoto kabisa la pack ndilo linalofyatua. Mengine hupokea namba na kunyamaza. Kwa hiyo muda na nguvu lazima vifike kwanza, noti ifike mwisho. Ukikosea, orodha itatoka yenye noti mpya pamoja na muda wa noti iliyopita. Ubaya ni kwamba hakuna onyo litakalotokea. Muziki unaendelea, ila noti ndefu zinakuja fupi na fupi zinakuja ndefu, kila moja imevaa nguo ya aliyemtangulia. Mpiga dumbaki atajua kuna kitu, hatojua nini. Kiboksi cha trigger kipo kwa ajili hii: kinaigawa namba moja katika nyuzi kadhaa na kuhakikisha ya kulia inatangulia. Msiamini macho yenu kwamba nyuzi mbili zilizotoka tundu moja zitafika kwa mfuatano mnaoutaka. Tumieni trigger. Na upande wa kupokea, unpack nayo inatoa kuanzia kulia: 400 kwanza, 90, halafu 48. Ukielewa hili, mwenendo wote wa Pd unakuwa na maana.

Sasa niwageukie wazee wa taarabu, maana mmekaa kimya kwa adabu na mimi naendelea na viboksi.

Mwaka 1983 makampuni yalikubaliana juu ya MIDI, lugha ya kuunganisha vinanda vya umeme, na 48 yangu nimeitoa huko. Katika MIDI noti ni namba nzima, 0 mpaka 127, kila hatua ni nusu sauti ya piano. Lakini wanachama wa Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa hapa mwaka 1905, hawakujifunza kwa piano. Chukueni maqam, yaani mpangilio wa sauti, ya Rast. Sauti yake ya tatu haikai kwenye kitufe cheupe wala cheusi, inakaa baina yao. Tukianza kwenye Do ya 60, kitufe cheusi ni 63, cheupe ni 64, na Rast inataka kama 63.5. Katika MIDI ya kawaida 63.5 haiandikiki. Kuna njia ya kuzunguka, kwa kupinda sauti, na waliozunguka hivyo wanajua inavyochosha pale noti mbili zinapotaka kupindwa tofauti kwa wakati mmoja.

Katika ujumbe wa Pd, namba yoyote inaweza kuwa na desimali. Naandika kanuni 63.5 80 600, na kanuni hapa ni kile chombo cha nyuzi cha taarabu, natuma. Upande wa pili kiboksi cha mtof kinaigeuza namba kuwa mtetemo: 63.5 inakuwa kama hezi 320, baina ya 311 na 330. Rast nzima ni orodha moja: 60 62 63.5 65 67 69 70.5. Na kwa kuwa ni orodha, mzee akisema hapana, mimi ya tatu naishusha kidogo zaidi, tunaandika 63.4 na tunatuma tena. Hakuna mpiga udi anayeikalisha sauti ile mahali palepale pa kitabuni, na napenda kwamba mtandao wetu hauwalazimishi. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuwafundisha vijana wa Zanzibar kutuma orodha za namba zao wenyewe, kuliko kuwapa programu ya muziki iliyokwisha pangwa na mtu ambaye hajawahi kusikia kanuni.

Ila namba zenyewe zina kikomo, nalo tulitaje. Ndani ya Pd ya kawaida namba ina biti 32, hivyo namba nzima zinakaa sawasawa mpaka 16,777,216; baada ya hapo zinaanza kurukwa. Na zikisafiri kwa netsend kama maandishi, katika matoleo yaliyozoeleka zinapunguzwa mpaka tarakimu 6 za maana. Tuma 1234567, upande wa pili itafika 1234570. Kwa noti na nguvu haina neno. Kwa mtu anayetaka kutuma saa kamili ya dunia kwa milisekunde, au namba ya simu ya mchumba wake, itakuwa msiba. Ikatwe vipande viwili.

Nimesema maandishi, na naona kijana amenyoosha kidole. Ndiyo, kile kinachopita kwenye waya ni maandishi ya kawaida kabisa. Utaratibu huo unaitwa FUDI, na sheria zake zinaenea kwenye kiganja: vipande vinatenganishwa kwa nafasi, na ujumbe unafungwa kwa nukta mkato. Maana yake si lazima mtumaji awe Pd. Programu ya Python ya mistari mitano inaweza kuipigisha besi ile. Lakini msisahau nukta mkato. Ukiandika besi 48 90 400 ukabonyeza kitufe cha kuingiza ukadhani umemaliza, mpokeaji kwa TCP atangoja tu, kwani mstari mpya kwake ni nafasi kama nafasi nyingine. Ujumbe wa pili utaunganishwa na wa kwanza, na ukija kufungwa utakuwa na kichwa kimoja na miguu saba.

TCP na UDP. TCP inahakikisha kila ujumbe umefika na kwa mfuatano uleule; ukipotea mmoja, walio nyuma wanasimama mpaka aliyepotea atumwe tena. UDP inatupa na kusonga mbele; unaopotea umepotea. Watu wa muziki wanapenda UDP kwa sababu haisimami, nami siwakatazi, lakini inabidi ujumbe wenyewe utungwe kwa kujua kwamba unaweza usifike. Tazameni tena ile 400. Ningeweza kutuma ujumbe mbili, mmoja wa anza na mwingine wa acha, kama MIDI inavyofanya. Acha ikipotea njiani, besi italia mpaka mtu atoke jukwaani kuizima. Tulipoweka muda ndani ya orodha, noti inasafiri pamoja na mwisho wake. Ikipotea, imepotea nzima, na noti moja iliyokosekana katika kidumbaki hakuna atakayeirudia nyumbani kuihadithia. Kwa mantiki hiyohiyo msitume ongeza sauti kidogo. Tumeni sauti 0.7. Ongeza mbili zikipotea, kila laptopu itakuwa na hesabu yake. Ile 0.7 hata ikifika mara tatu inabaki 0.7.

Kisha kuna suala la kuchelewa, na hapa wanamuziki mna ujuzi kuliko watu wa kompyuta. Sauti hewani inakwenda mita 340 na ushei kwa sekunde. Jukwaa la Ngome Kongwe, wakati wa Sauti za Busara, mpiga ngoma akikaa mita 10 kutoka kwa mpiga fidla, anamsikia amechelewa karibu milisekunde 29, na bado wanapiga pamoja. Masikio yamezoea kuchelewa kusikobadilika. Waifai haichelewi kwa namna hiyo. Ujumbe mmoja unachukua milisekunde 3, unaofuata 40, wa tatu 5, khasa ukumbi ukijaa watu na simu zao mifukoni. Hakuna mpigaji anayeweza kukizoea kitu kama hicho. Kwa hiyo tumieni nyaya za mtandao kila mnapoweza, hata kama jukwaa litaonekana kama nyavu zilizoanikwa.

Na palipo na waifai, msitume pigo mojamoja. Tumeni mzunguko mzima mapema. Orodha kama mkwasa 1 0 0 1 0 0 1 0, na hiyo nimeiandika kwa mfano tu, wapiga mkwasa msinicheke, inafika kwenye laptopu ya kwanza wakati mzunguko wa sasa bado unapigwa. Laptopu inaiweka pembeni, na mzunguko ukigeuka inaanza kuipiga kwa saa yake yenyewe, kiboksi cha metro. Ikichelewa milisekunde 40 haidhuru, maana ilikuwa na sekunde mbili za kungojea. Saa za laptopu mbili huachana polepole, kwa hiyo kila mwanzo wa mzunguko kiongozi anatuma neno moja, anza, zinajirekebisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo kompyuta zinapoanza kupiga kama kikundi: kiongozi hasemi piga sasa, anasema tukirudi mwanzo tutapiga hivi.

OSC, utaratibu mwingine wa kutumiana ujumbe wa muziki, nitaipitia haraka. Ilitoka Berkeley mwaka 1997, kazi ya Matt Wright na Adrian Freed, na programu nyingi za muziki na za taa za jukwaani zinaielewa. Vichwa vyake vinaandikwa kama njia za mafaili, /besi/noti, na namba zinakwenda kwa biti zake kamili, kwa hiyo ule ukataji wa tarakimu haupo. Pd inaisoma kwa netreceive yenye alama za -u na -b, halafu oscparse, halafu, hamtoshangaa, list trim, kisha route. Mtu akitaka kutumia simu kama kidude cha kuongozea, aghalabu atapita huku. Kwa kujifunza naona FUDI inatangulia, kwa kuwa unausoma ujumbe kwa macho.

Rauta yenu iwe yenu. Waifai ya hoteli mara nyingi imewekwa ili wageni wasionane. Laptopu mbili zote zina intaneti na haziwezi kusemezana hata neno. Zaidi ya hayo netreceive haina nywila. Yeyote aliyemo mtandaoni na anayejua anwani na lango anaweza kuipigisha besi yenu katikati ya onyesho. Rauta ndogo yenye nywila yenu inamaliza yote mawili, na nyingi zinakubali kuendeshwa kwa pawabanki. Sisi tuliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme wa gridi, hatuhitaji kuelezwa thamani ya kitu kinachoendeshwa kwa betri.

Intaneti, niliahidi. Mtu wa Wete akitaka kupiga na mtu wa Mjini, netsend peke yake haitoshi, kwa sababu mitandao ya simu na rauta za majumbani huzificha anwani za walio ndani. Itabidi pawe na kompyuta ya katikati yenye anwani ya wazi, au VPN inayowaweka wote kama kwamba wako ukumbi mmoja. Mkishafika hapo, kila nililolisema kuhusu kutuma mzunguko mapema linakuwa la lazima, na bando la mwezi litawatosha kwa mazoezi mengi.

Nimesema sana. Kidumbaki chetu kiko hivi: laptopu ya kwanza ni mkwasa na cherewa, yale manyanga, ya pili ni dumbaki mbili, ya tatu ni besi, ya nne inaongoza na haitoi sauti yoyote. Fidla hatukuigusa. Fidla ipo kwa mzee wetu hapa mbele, ataipiga kwa mkono wake, na laptopu zitamfuata yeye. Kijana aliyekaa kwenye ya nne atamsikiliza na kutuma mizunguko. Walioleta laptopu zao jiungeni na rauta, nywila iko ubaoni. Besi iko anwani ya 192.168.1.20, lango 3000. Maneno yanayokubalika ni yale matano ya kwenye karatasi. Mengine yote yatatokea kwenye print, na nimeielekeza projekta huko, kwa hiyo angalieni mnachoandika. Mzee, tuanze?